CHAKULA TULACHO NA CHAKULA MWILI UPATACHO

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akisha kula akashiba, mwili wake umekwisha pata haki yake yote. Fikira hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Kushiba ni habari ya tumbo. Kupata nguvu na afya ni habari ya damu. Kati ya utumbo na damu kuna mlango, na mlango huo haupitishi kila kitu kinachoufikia. Tena, kati ya damu na nje ya mwili kuna mlango wa pili, nao huweza kutoa vitu ambavyo mwili ulikuwa bado unavihitaji.

Tumfikirie mama mmoja mwenye mimba. Nyumbani kwake hakuna njaa. Kuna ugali, kuna maharagwe, kuna mboga za majani kutoka shambani mwake, na chai haikosekani. Walakini akipanda kilima kidogo na mtungi wa maji, moyo wamwenda mbio, kizunguzungu chamshika, na akitazama viganja vyake huona vimepauka. Kliniki yamwambia ya kuwa damu yake ni pungufu. Naye hustaajabu na kuuliza, “Mimi nala kila siku, mbona damu hainijai?”

Swali lake ni jema, nasi twataka kulijibu katika makala hii. Jibu kwa ufupi ni hili: twaweza kuwa na chakula cha kutosha chunguni, kisha tukapoteza sehemu kubwa ya faida yake kwa jinsi tunavyokipika, tunavyokichanganya, na kwa kinywaji tunachokiteremshia. Habari njema ni kwamba mambo mengi ya namna hii yaweza kutengenezwa bila gharama kubwa, ikiwa wenye nyumba watajua sababu zake.

SAFARI YA CHAKULA MWILINI

Chakula huanza kusagwa kinywani kwa meno na mate. Tumboni hukorogwa pamoja na maji makali hata kikawa kama uji mwembamba. Kisha huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kadiri ya mita 6. Huko nyongo itokayo katika ini, pamoja na maji ya kongosho, hukivunja-vunja: wanga hugeuka kuwa sukari, na protini na mafuta hugawanyika vipande vidogo sana.

Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vidole vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, vilivyosongamana kama nyuzi za taulo. Kila kidole kina mishipa ya damu ndani yake. Vidole hivyo ndivyo vinyonyavyo chakula na kukitia katika damu, na sehemu kubwa yake hupelekwa kwanza kwenye ini, ambalo kazi yake ni kama ya mwenye ghala: hupokea, huweka akiba, na hugawa kwa kadiri ya haja. Kisichonyonywa huendelea mpaka utumbo mpana, na mwisho hutoka kwa njia ya choo.

Mlango wa pili ni mafigo. Mafigo mawili ya mtu mzima huchuja kadiri ya lita 180 za maji ya damu kwa siku moja. Karibu yote hurudishwa mwilini, na yanayobaki, kama lita 1 na nusu hivi, hutoka kuwa mkojo pamoja na taka na vitu vilivyozidi.

Kwamba kitu kimoja chaweza kukifungulia kingine mlango si jambo la kubuni. Ushahidi wake mkubwa ni dawa ya mtoto anayeharisha. Mtoto huyo akinyweshwa maji matupu, mengi hupita tu. Lakini maji yakitiwa sukari kidogo na chumvi kidogo kwa kipimo, sukari na chumvi huingia katika ukuta wa utumbo zikiwa zimeshikana, na maji hufuata nyuma yao. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwatibu kwa maji ya namna hiyo wakimbizi wengi waliopatwa na kipindupindu katika kambi moja ya India, na vifo vikapungua sana. Leo dawa hiyo hupatikana kwa paketi katika zahanati. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kilele. Kipimo hicho kisizidishwe, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto.

Basi, ikiwa sukari yaweza kuyafungulia maji mlango, yafaa tuulize: katika sahani zetu za kila siku, ni kitu gani kinachofungua, na ni kitu gani kinachofunga?

CHUMA CHA DAMU NA KIKOMBE CHA CHAI

Wekundu wa damu hutokana na madini ya chuma. Mwili mzima wa mtu una chuma cha gramu 3 au 4 tu, lakini pasipo chuma hicho damu haiwezi kuchukua hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Mwili hauna njia maalumu ya kukitoa chuma. Hukitunza sana na kukitumia tena na tena. Hata hivyo mtu mume hupoteza kadiri ya miligramu 1 kwa siku, kwa ngozi na utumbo unaojibadilisha. Mwanamke hupoteza zaidi kwa sababu ya siku zake za mwezi, na akiwa na mimba huhitaji zaidi tena, maana anatengeneza damu ya watu wawili.

Chuma cha chakula ni cha namna mbili. Chuma cha nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Chuma cha maharagwe, nafaka na mboga ni kigumu kuingia: aghalabu katika sehemu 100 tulizokula, mwili hupata sehemu 2 mpaka 20 tu. Kwa hiyo wale ambao nyama kwao ni ya sikukuu hutegemea chuma ambacho mlango wake ni mwembamba. Hao hawana budi kuutunza mlango huo kuliko wengine.

Na hapa ndipo chai iingiapo. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na leo ni kinywaji cha kila nyumba na tegemeo la wakulima wengi. Lakini majani ya chai yana kitu kikali kiitwacho tanini, ambacho ndicho hukaza ulimi wa mtu anywapo chai nzito. Tanini ikikutana na chuma cha mimea ndani ya utumbo hukishika kikawa kigumu, na vile vidole vya utumbo haviwezi tena kukinyonya. Hupita moja kwa moja hata chooni.

Mwaka 1975 wataalamu wa Afrika Kusini walitangaza vipimo vyao juu ya jambo hili. Watu walipokula mkate bila chai, mwili ulipata kadiri ya sehemu 10 katika 100 za chuma kilichomo. Walipokula mkate uo huo pamoja na chai, walipata kadiri ya sehemu 3 tu. Hebu tufanye hesabu. Mtu aliyekula chakula chenye miligramu 10 za chuma katika siku nzima angepata miligramu 1, ambayo yamtosha mwanamume kulipa alichopoteza. Akiteremshia kila mlo kwa chai, hupata theluthi tu ya hiyo. Upungufu huo ni mdogo kwa siku moja, wala hausikiki. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Baada ya miezi mingi akiba hukauka, na ndipo viganja hupauka.

Kutia maziwa katika chai hakuondoi kizuizi hiki. Kahawa nayo huzuia, ijapokuwa si sana kama chai.

Hatusemi watu waache chai. Twasema chai ipewe saa yake. Yafaa inywewe peke yake, kama saa moja kabla ya chakula, au saa mbili baada yake. Wakati wa kula, maji safi yatosha. Mtoto mchanga na mtoto mdogo wasipewe chai kabisa, maana matumbo yao ni madogo na haja yao ya chuma ni kubwa. Na mama aliyepewa vidonge vya chuma kliniki avimeze kwa maji, si kwa chai wala kwa maziwa, la sivyo huenda dawa yake ikamfaa choo kuliko damu.

VITU VIFUNGUAVYO MLANGO WA CHUMA

Adui wa chuma tumemtaja. Sasa tutaje rafiki zake. Wa kwanza ni vitamini C, iliyomo katika limau, ndimu, chungwa, pera, papai, nyanya na mboga mbichi. Vitamini hiyo hukigeuza chuma cha mimea kikawa chepesi kunyonywa. Mtu anayekamulia limau juu ya maharagwe au kula chungwa papo hapo baada ya mlo huongeza chuma aingizacho bila kuongeza chakula. Lakini vitamini C huharibiwa na moto mwingi. Kwa hiyo limau likamuliwe wakati chakula kimekwisha epuliwa, na mboga zisichemshwe mpaka zikapoteza rangi. Magadi yatiwayo katika mboga ili zilainike upesi huiharibu vitamini hiyo pia.

Rafiki wa pili ni nyama au samaki, hata kidogo. Kipande kidogo cha nyama, au konzi ya omena katika sufuria ya maharagwe, chaleta chuma chake chenyewe, na tena husaidia chuma cha maharagwe kuingia.

Rafiki wa tatu ni desturi za wazee wetu. Nafaka na jamii ya kunde zina kitu kiitwacho fitati, ambacho mmea hujiwekea akiba ndani yake kwa ajili ya kuota. Fitati hushika chuma na zinki, kama tanini ifanyavyo. Lakini punje ikilowekwa, ikimezeshwa kuwa kimea, au unga ukichachuliwa, fitati hupungua. Bibi zetu waliochachua uji wa wimbi na mtama hawakuwa na vyombo vya kupimia mambo haya, walakini kazi yao ilikuwa ya kitaalamu. Uji uliochachuliwa kwa usafi si chakula cha kizamani cha kuonewa haya. Ni uji bora. Na maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yapikwe kwa maji mapya.

Imepasa pia kusema ya kuwa upungufu wa damu hauletwi na chakula peke yake. Malaria huvunja damu, na minyoo ya safura huinyonya. Mtu aliyepauka aende kupimwa, wala asijitibu kwa malimau akakaa nyumbani.

SOMO LA MAHINDI

Mahindi yalitoka Amerika. Wenyeji wa Meksiko na nchi zilizo jirani nayo wamekuwa wakiyapika kwa chokaa tangu zamani sana, kisha huyasaga. Wazungu walipoyachukua mahindi na kuyapeleka kwao, walichukua mbegu lakini hawakuchukua desturi ya chokaa. Katika nchi ambazo maskini walikula mahindi karibu peke yake ukatokea ugonjwa mbaya wa kuchubuka ngozi, kuharisha na kurukwa na akili. Daktari Gaspar Casal aliueleza huko Hispania mwaka 1735, na baadaye ukaitwa pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua watu wengi katika majimbo ya kusini ya Marekani.

Wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukizwa. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuuchunguza, naye akaonyesha ya kuwa asili yake ni chakula. Mwaka 1937 ikajulikana ya kuwa vitamini iitwayo niasini huuponya. Na ajabu ni hii: niasini imo katika mahindi, lakini imefungwa. Tumbo la mtu haliwezi kuifungua, bali chokaa yaweza. Watu wale waliugua na huku dawa yao ikipita ndani ya matumbo yao kila siku.

Somo kwetu si kwamba mahindi ni mabaya. Somo ni kwamba mahindi hayapendi kuwa peke yake. Anayekula githeri, yaani mahindi kwa maharagwe, au ugali kwa maziwa, samaki au kunde, hupata katika kitoweo kile ambacho ugali umemnyima. Hatari i kwa yule ambaye kitoweo chake ni chumvi na maji ya mboga tu.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani utiwe vitamini na madini. Lakini mahindi ya shambani yanayosagwa katika posho mill ya kijijini hayatiwi kitu. Kwa hiyo mwenye kula unga huo hana budi kutazama kitoweo chake zaidi.

MAJANI YANAFANANA, FAIDA HAZIFANANI

Mifupa na meno huhitaji kalsiamu. Katika sehemu 100 za kalsiamu iliyomo katika maziwa, mwili hunyonya kadiri ya 30. Mboga za jamii ya sukuma wiki hushinda hata maziwa kwa jambo hili, maana katika sehemu 100 za kalsiamu yake mwili hupata kadiri ya 40. Lakini spinachi, ambayo nayo ina kalsiamu nyingi, hutoa sehemu 5 tu katika 100. Kwa nini? Kwa sababu spinachi, pamoja na mchicha, ina kitu kiitwacho oksalati, ambacho hushikana na kalsiamu na kwenda nayo chooni.

Mtu asije akang'oa mchicha wake kwa maneno haya. Mchicha una faida nyingine nyingi. Twasema tu ya kuwa anayetafuta mifupa imara asiutegemee mchicha peke yake, bali abadilishe: leo mchicha, kesho sukuma wiki, na maziwa kila yapatikanapo.

Jambo hili lina upande wa pili ambao wengi hawaujui. Vijiwe vya mafigo kwa kawaida hufanyika kwa kalsiamu na oksalati. Kwa hiyo wenye vijiwe hudhani heri waache maziwa. Kumbe maziwa yakinywewa pamoja na chakula chenye oksalati, vitu hivyo viwili hushikana ndani ya utumbo na kutoka kwa choo, badala ya oksalati kuingia katika damu na kwenda kufanya kijiwe ndani ya figo. Yaani kizuizi kile kile kinachotupunguzia kalsiamu chaweza kuwa mlinzi wa mafigo.

Mboga hizi za majani, pamoja na karoti, malenge na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, zina pia kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ulinzi wa macho ya watoto. Kitu hicho huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu haitoi faida yake vizuri. Kijiko cha mafuta, kipande cha parachichi, njugu zilizopondwa au tui la nazi, kama wapikavyo watu wa pwani, chatosha kuifungulia njia.

MLANGO WA KUTOKA

Sasa tutazame mafigo. Kazi yao ni kutoa kilichozidi, lakini mara nyingine kitu kimoja kikitolewa hukivuta kingine. Chumvi ni mfano mkubwa. Mtu mzima hahitaji zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na iliyomo katika mkate, supu na vyakula vya kununua. Chumvi ikizidi, huongeza nguvu ya damu katika mishipa, na mafigo yanapoitoa huiondoa kalsiamu pamoja nayo. Kila gramu 6 za chumvi zitokazo huweza kuchukua miligramu 25 hata 40 za kalsiamu. Basi mama anayenunua maziwa kwa ajili ya mifupa ya watoto, kisha akawapa vyakula vyenye chumvi kupita kiasi, hutia maji katika mtungi uliotoboka. Ndizi, viazi, machungwa na maharagwe vina potasiamu, ambayo husaidia mafigo ya mtu mzima wa afya kuitoa chumvi iliyozidi. Mwenye ugonjwa wa mafigo amwulize daktari wake kwanza.

Mfano mwingine ni vidonge vya vitamini. Vitamini C na zile za jamii ya B huyeyuka katika maji. Mwili ukisha tosheka, zilizozidi hutolewa na mafigo. Mtu ameze vidonge vikubwa vya vitamini C, kila kimoja gramu 1 au zaidi, na utumbo wake hautanyonya hata nusu; katika kile kilichonyonywa, sehemu kubwa itatoka kwa mkojo. Mkojo ukigeuka rangi ya manjano kali baada ya vidonge vya vitamini B, mtu huyo aziona fedha zake zikienda. Wala vitamini A haifanani na hizo. Kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, haina njia nyepesi ya kutoka. Hujilimbika katika ini, na vidonge vyake vikizidi hudhuru, na hasa humdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo vidonge vya namna hii vimezwe kwa amri ya daktari tu.

Nyama nayo ina kipimo chake. Mwili hauna ghala ya protini kama ulivyo na ghala ya mafuta. Protini iliyozidi huchomwa kuwa nguvu au hugeuzwa mafuta, na taka yake hupelekwa katika mafigo ili itoke kwa mkojo. Anayekula kilo ya nyama siku ya mshahara, kisha akakaa wiki tatu bila kitoweo, hajajenga mwili kama yule agawaye nyama hiyo kidogo kidogo pamoja na kunde na mayai.

HATA MAKAPI YANA KAZI

Mwisho kuna sehemu ya chakula ambayo mwili hauwezi kuisaga wala kuinyonya: nyuzi za mboga, maganda ya nafaka, ngozi za maharagwe. Zamani wengi waliziona kuwa ni taka tu. Aliyewafumbua macho wengi ni daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi tangu 1946. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vya choo vya watu mbalimbali. Wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula vya shambani, walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa saa 36 hivi. Waingereza waliokula mkate mweupe na vyakula laini walitoa kadiri ya gramu 100 tu, na chakula kilikaa siku tatu au zaidi.

Watu husitahi kuzungumza habari ya choo, lakini mwili hausitahi. Nyuzi hizo hushika maji, hulainisha choo, na hupunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Tena wadudu wema waishio katika utumbo mpana huzila na kutengeneza vitu vinavyoulisha ukuta wa utumbo wenyewe. Wanaokula nyuzi kwa wingi hupatwa kwa uchache na saratani ya utumbo mpana na ugonjwa wa sukari. Kwa hiyo unga mweupe uliokobolewa sana, ambao wengi huuona kuwa ni heshima ya mezani, umepoteza nyuzi na vitamini kwa ajili ya rangi tu.

CHAKULA KILE KILE, UTARATIBU MPYA

Turudi kwa yule mama. Hatumwambii anunue vyakula vya kigeni. Asubuhi na anywe uji wa wimbi uliochachuliwa, na baada yake kipande cha papai au pera. Chai yake aiweke katikati ya asubuhi, wakati tumbo halina kazi. Mchana maharagwe yaliyolowekwa usiku, yenye nyanya na konzi ya omena, yakamuliwe limau mezani. Jioni ugali wa unga usiokobolewa, na sukuma wiki iliyokaangwa kidogo kwa mafuta, chumvi ikipunguzwa. Maziwa ayanywe jioni hiyo, au wakati wowote usio wa vidonge. Vidonge vya chuma avimeze kwa maji. Na asikose siku yake ya kliniki.

Shamba ni lile lile, sufuria ni ile ile, na fedha zilizotumika huenda ni pungufu kuliko za kwanza. Kilichobadilika ni utaratibu tu. Lakini kwa utaratibu huo, chuma kilichokuwa kikipita chooni sasa chaingia katika damu ya mama na ya mtoto aliye tumboni, na kalsiamu iliyokuwa ikitoka kwa mkojo yabaki katika mifupa. Mwenye nyumba atakayewaeleza jamaa zake mambo haya, na kuanza usiku huu kwa kuloweka maharagwe na kuiondoa birika ya chai mezani wakati wa kula, atakuwa ameanza vema.